Namna ya Kuchapa Fotomaski za Bodi za Saketi Nyumbani

Bodi ya saketi inapoharibika mikononi mwa mtu anayeitengeneza nyumbani, lawama huiangukia kwanza feriki kloridi, yaani dawa inayokula shaba isiyofunikwa, kisha filamu kavu iliyobandikwa juu ya shaba, na mwishowe taa. Katika bodi zangu za mwanzo nilifuata mlolongo huohuo: nilibadilisha dawa, nikanunua filamu nyingine, nikaongeza na kupunguza muda wa mwanga, na bado chembe za shaba zikaendelea kubaki palepale, katikati ya mifereji iliyopaswa kutenganisha njia za shaba zinazopitisha umeme. Neno hilo, palepale, ndilo lililopaswa kunizindua mapema, kwa sababu dosari inayorudi mahali pamoja katika kila bodi haiwezi kutoka kwenye dawa. Hutoka kwenye kitu kimoja ambacho bodi zote zimekitumia, nacho ni fotomaski.

Fotomaski ni karatasi angavu iliyochapwa mchoro wa saketi kwa rangi nyeusi. Huwekwa juu ya bodi ambayo shaba yake imefunikwa kwa tabaka linaloathiriwa na mionzi ya urujuanimno, kisha taa huwashwa. Penye weusi mionzi huzuiwa, na pasipo na weusi hupita. Kazi yake ni ndogo kuieleza, lakini inadai weusi usiovuja, vipimo vinavyolingana na vya vipuri, na mgusano wa karibu kati ya wino na bodi. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, kuanzia kwenye mchoro wa kompyuta hadi kwenye kipande cha majaribio.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya tabaka

Filamu kavu, inayouzwa ikiwa imeviringishwa na ambayo wengi wetu huanza nayo kwa sababu ya bei yake, ni ya aina hasi. Sehemu inayopigwa na mionzi hukomaa na kubaki juu ya shaba, na sehemu iliyokaa kivulini huyeyuka katika maji ya sodiamu kaboneti. Kwa hiyo fotomaski yake huwa na njia angavu na usuli mweusi. Bodi zinazouzwa zikiwa zimekwisha kupakwa tabaka kiwandani kwa kawaida ni za aina chanya: sehemu iliyopigwa na mionzi ndiyo inayoyeyuka, safari hii katika sodiamu haidroksidi, hivyo njia huchapwa nyeusi na usuli huachwa wazi. Ukizichanganya aina hizi mbili, shaba itabaki kila mahali isipokuwa pale ulipoihitaji.

Tofauti hiyo inagusa pia usanifu wa saketi. Printa ya leza huchapa vizuri mistari myembamba, lakini katika uwanja mpana mweusi tona, yaani wino wake wa unga, hupauka kuelekea katikati na kuacha vitobo vidogo kama vya sindano. Kitobo katika fotomaski hasi huacha chembe ya shaba mahali pasipotakiwa, na chembe hiyo ikiangukia kwenye mfereji mwembamba huunganisha njia mbili. Katika fotomaski chanya kitobo hutoboa njia yenyewe na wakati mwingine huikata. Kwa sababu hiyo, anayetumia filamu kavu na printa ya leza ajaze nafasi zote zilizo wazi kwa shaba ya graundi, yaani ile iliyounganishwa na upande wa sifuri wa umeme. Fotomaski hasi ya bodi iliyojazwa hivyo huwa na weusi mdogo tu, yaani ile mifereji inayozunguka njia, na hapo ndipo printa ya leza ina nguvu zake. Juu ya hayo, dawa hula shaba kidogo zaidi na hudumu kwa bodi nyingi.

Hatua ya pili: chora kwa kipimo ambacho printa inakiweza

Printa yenye doti 600 kwa inchi huweka doti moja katika kila milimita 0.042. Njia ya milimita 0.2, ambayo viwanda huichukulia kuwa ya kawaida kabisa, inapata doti zisizofika tano kwa upana wake, na ikipoteza doti moja kila ukingo itakuwa imepungua kwa zaidi ya theluthi. Kwa printa ya steshenari mimi sishuki chini ya milimita 0.3 kwa njia na kwa mfereji pia, na pale nafasi inaporuhusu hutumia 0.5. Printa ya wino inayofikia doti 1200 au zaidi huruhusu kwenda chini ya hapo, lakini anayeanza hana sababu ya kujitesa.

Katika programu ya kusanifu bodi ya KiCad, ambayo ni ya bure na iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa mwaka 1992, chagua matundu ya padi, yaani vile vipande vya shaba ambapo miguu ya vipuri huunganishwa, yachapwe kwa alama ndogo badala ya ukubwa wake kamili. Shaba itakayoliwa katikati ya padi itaacha kidimbwi ambacho ncha ya keekee ya milimita 0.8 itatulia ndani yake bila kuteleza. Ongeza pembeni ya mchoro, nje ya mpaka wa bodi, mistari miwili ya milimita 100 kamili, mmoja wa mlalo na mwingine wa wima. Utaihitaji wakati wa kupima. Andika pia neno lolote fupi katika kila tabaka la shaba, hata kama ni jina la bodi tu, kwa sababu neno hilo ndilo litakalokuokoa katika hatua ifuatayo.

Hatua ya tatu: geuza mchoro upande ulio sahihi

Hapa ndipo filamu nyingi zilizochapwa fotomaski huishia jalalani. Wino lazima uguse bodi, usikae juu ya filamu ukiwa umetenganishwa na bodi kwa plastiki yenye unene wa takribani milimita 0.1. Taa za nyumbani hutoa mwanga unaotoka kila upande, na mwanga wa mshazari hupenya chini ya ukingo wa weusi ulioinuliwa na kuulainisha mstari. Kwa kuwa filamu italazwa kifudifudi, mchoro unaotoka kwenye printa unapaswa kuwa kinyume cha ule unaotaka kuuona kwenye shaba.

KiCad huonyesha tabaka zote kana kwamba unaitazama bodi kutoka juu. Tabaka la chini, B.Cu, tayari limegeuka machoni pako, hivyo huchapwa lilivyo. Tabaka la juu, F.Cu, ndilo linalohitaji kugeuzwa kama taswira ya kwenye kioo. Anayeona maelezo haya yanamchanganya ayaache na ashike kanuni moja inayofaa kwa tabaka zote mbili: ukiitazama filamu upande wenye wino, maandishi yasomeke kinyumenyume, ukiitazama upande usio na wino, yasomeke sawasawa. Bodi nzima ya chipu yenye miguu 28 inaweza kutupwa kwa sababu ya kosa hili, kwa kuwa chipu haiwezi kuchomekwa kichwa chini.

Hatua ya nne: andaa faili na uifikishe kwenye printa salama

Toa faili la PDF lenye mistari halisi, wala si picha ya JPEG, ambayo huzungushia kila ukingo ukungu wa kijivu. Ugeuzaji wa rangi kuwa hasi ufanyike katika programu ya usanifu yenyewe, au baadaye katika programu ya kuchorea ya Inkscape kwa kuweka mstatili mweusi nyuma na njia nyeupe mbele. Jaza ukurasa mmoja wa A4 kwa nakala nyingi za mchoro kadiri zinavyoenea, zote zikielekea upande mmoja, kwa maana bei ya filamu ni ileile hata ukichapa nakala moja, na katika hatua ya kuongeza weusi utahitaji nakala mbili zinazofanana.

Ikiwa huna printa nyumbani na unategemea steshenari, peleka faili kwa flashi. Ukilazimika kulituma kwa WhatsApp, litume kama waraka na kamwe usipige picha ya skrini, kwa kuwa picha hubanwa na kupoteza kipimo. Mwombe mhudumu mambo matatu kabla hajabonyeza kitufe: ukubwa uwe halisi, yaani asilimia 100 bila kutoshelezwa kwenye ukurasa, hali ya kubana matumizi ya tona izimwe, na ubora uwe wa juu kabisa. Jambo la kwanza ndilo linalosahaulika zaidi, kwa sababu kompyuta nyingi za steshenari zimezoeshwa kupunguza kila waraka ili uenee ndani ya pambizo, na mchoro uliopunguzwa kwa asilimia tatu hauonyeshi dalili yoyote kwa macho.

Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida. Pima mistari yako ya milimita 100, kisha simamisha chipu halisi juu ya padi zake. Chipu ya ATmega328P yenye miguu 28, kwa mfano, ina milimita 33.02 kutoka mguu wa kwanza hadi wa mwisho wa safu moja. Mguu wa kwanza ukikaa katikati ya padi na wa mwisho nao ukakaa katikati, kipimo ni sahihi.

Hatua ya tano: chagua filamu inayolingana na printa

Onyo linalotangulia yote ni hili: plastiki angavu zinazotumika kufunika vitabu vinavyofungwa kwa springi si filamu za kuchapia. Zinafanana nazo machoni na zipo katika kila steshenari, lakini ndani ya printa ya leza, ambako rola ya kuyeyushia tona hufikia joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, huyeyuka na kujizungusha kwenye rola, na gharama ya printa hiyo itakuwa juu yako. Tumia filamu ya poliesta iliyoandikwa kuwa ni ya printa ya leza. Filamu hizi zilikuwa za kawaida enzi za projekta za mezani, na zimekuwa adimu tangu projekta za kompyuta zichukue nafasi. Mahali pazuri pa kuulizia ni kwa wachapaji wa fulana wanaotumia skrini, kwani kazi yao inahitaji filamu nyeusi kama hii hii yetu, na wengi wao wanafahamu weusi unaofaa kuliko mhudumu wa steshenari.

Filamu ya printa ya wino ina upande mmoja uliopakwa utandu unaoshika wino. Ugusishe ukingo kwa kidole chenye unyevu, na upande unaonata kidogo ndio wa kuchapia. Filamu hii isiingizwe kamwe katika printa ya leza. Kuhusu wino, ule mweusi wa pigmenti huzuia mionzi vizuri, ilhali ule wa rangi iliyoyeyushwa unaweza kuonekana mweusi machoni na bado ukapitisha mionzi. Baadhi ya printa zina wino wa aina zote mbili na huchagua zenyewe kulingana na aina ya karatasi uliyoitaja: ukisema karatasi ya picha, huacha pigmenti na kuunda weusi kwa kuchanganya rangi. Chapa vipande viwili vidogo kwa mipangilio miwili tofauti, uvilinganishe kabla ya kuchapa ukurasa mzima. Acha wino ukauke vyema. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, mimi huiacha filamu usiku kucha ndani ya bahasha kavu.

Karatasi ya wasanifu majengo, ile nyembamba ya kufuatishia michoro, ni mbadala wa bei nafuu na inashika tona vizuri kuliko plastiki. Kasoro zake ni mbili: inatawanya mwanga, hivyo muda wa kumulika huongezeka, na inatanuka kwa unyevu. Kwa bodi ndogo yenye njia nene inatosha kabisa. Ushauri wa kupaka mafuta ya kupikia kwenye karatasi ya kawaida ili iwe angavu mimi siufuati. Unafanya kazi, lakini huacha mafuta juu ya tabaka na nyuzi za karatasi huonekana kwenye njia.

Kwa muhtasari wa uamuzi: mwenye printa ya wino wa pigmenti aitumie hiyo na aendelee hadi hatua ya saba. Anayetegemea leza aisome hatua ya sita kwa makini.

Hatua ya sita: ongeza weusi wa tona

Njia ya kwanza ni mvuke wa asitoni. Chukua bakuli la glasi lenye kifuniko, weka chini kipande cha karatasi laini kilicholoweshwa kwa mililita chache za asitoni, na tundika filamu ndani yake bila kugusa kimiminika. Mvuke hulainisha chembe za tona, zikashikana na kuziba vitobo vilivyo kati yake. Itazame kila dakika, kwa sababu ikizidi tona hutambaa na njia hunenepa. Ukiona mng'ao wa kijivu umegeuka kuwa mweusi mzito, itoe na uiache ikauke. Kazi hii ifanyike nje au dirishani, mbali kabisa na jiko na sigara, kwa kuwa mvuke huo hushika moto kwa urahisi. Jaribu kwanza kwenye kona ya filamu: poliesta haidhuriki, lakini filamu ya asetati hukunjamana na kuharibika.

Njia ya pili ni kupandanisha nakala mbili. Kitobo cha nakala moja ni nadra kuangukia juu ya kitobo cha nyingine, hivyo mbili kwa pamoja huzuia kile ambacho moja ilikipitisha. Nakala zitoke kwenye ukurasa mmoja na ziwe zimeelekea upande mmoja, kwa sababu joto la printa huisinyaza filamu, na haisinyai sawa kwa urefu na kwa upana. Ukigeuza moja kwa nyuzi 90, padi za kona hazitakutana kamwe. Laza nakala ya kwanza, wino chini, juu ya kioo kilichoangaziwa kwa tochi ya simu kutoka chini, kisha lete ya pili juu yake, nayo wino chini, ulinganishe padi mbili zilizo kwenye kona zinazokabiliana kabla ya kubandika gundi ya utepe nje ya mchoro.

Baada ya filamu kupoa, pima tena ile mistari ya milimita 100, safari hii kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo. Ukipata 99.4 kwa mlalo na 99.9 kwa wima, gawanya 100 kwa kila kipimo, upate 1.006 na 1.001, na uingize namba hizo kama vizidisho vya upana na urefu utakapochapa upya. Kwa bodi ya sentimita tano hitilafu hiyo haina madhara. Kwa bodi ya pande mbili, ambapo matundu ya juu na ya chini yanapaswa kukutana, ina madhara makubwa.

Hatua ya saba: kagua kwa mionzi yenyewe

Kuinua filamu kuelekea dirishani huonyesha vitobo vikubwa, lakini jicho halioni kile kinachoonwa na tabaka. Njia bora ni kutumia karatasi nyeupe ya kawaida, ambayo viwanda huitia kemikali za kung'arisha zinazotoa mwanga wa samawati zinapopigwa na mionzi ya urujuanimno. Laza fotomaski juu ya karatasi hiyo ndani ya chumba chenye giza na imulike kwa taa yako. Sehemu angavu zitang'aa. Sehemu nyeusi zikionyesha hata samawati hafifu, weusi wako unavuja. Vitobo vichache vizibwe kwa kalamu ya wino usiofutika, upande usio na tona.

Taa ya kukaushia kucha inayotumika katika saluni inatosha kwa kazi hii na kwa kumulika bodi, kwani nyingi hutoa mionzi ya kati ya nanomita 365 na 405, ambayo ndiyo filamu kavu inaihitaji. Usiitazame taa moja kwa moja. Kioo cha dirisha cha milimita tatu au nne hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo, na uzito wake, ukisaidiwa na klipu pembeni, huigandamiza fotomaski juu ya bodi. Plastiki ngumu angavu iepukwe, kwa kuwa baadhi yake hutengenezwa makusudi ili kuzuia urujuanimno.

Hatua ya nane: pima fotomaski kwa kipande cha majaribio

Kata kipande cha bodi cha sentimita mbili kwa nane, kibandike filamu kavu chini ya taa ya manjano, na uache plastiki yake ya juu ibaki mahali pake wakati wa kumulika. Weka juu yake sehemu ya fotomaski yenye njia nyembamba zaidi, funika yote kwa kadibodi isipokuwa sentimita moja, washa taa, na usogeze kadibodi sentimita moja kila baada ya sekunde 20. Sehemu ya mwisho itakuwa imepata sekunde 20, na ya kwanza sekunde 160.

Acha kipande kitulie dakika kama 10, bandua plastiki ya juu, na ukioshe katika gramu 10 za sodiamu kaboneti kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Kemikali hii ndiyo inayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya, lakini magadi ya sokoni yamechanganyika na bikaboneti na udongo, hivyo kwa jaribio hili tumia ile iliyosafishwa.

Kipande hicho kitakupa namba mbili. Ya kwanza ni muda mfupi zaidi ambao filamu iliyo chini ya sehemu angavu imekomaa bila kubanduka. Huo ndio muda wa kumulika. Ya pili ni muda ambao filamu iliyo chini ya weusi imeanza kugoma kuyeyuka, ikiacha utando mwembamba kwenye mifereji. Hapo ndipo weusi unapovuja. Ikiwa filamu inakomaa kwa sekunde 40 na uvujaji unaanza kwa sekunde 60, huna nafasi ya kukosea, na unapaswa kurudi kwenye hatua ya sita hata kama bodi moja itabahatika kutoka vizuri. Ikiwa inakomaa kwa sekunde 40 na hata kwa 160 mifereji ni safi, fotomaski hiyo iandike tarehe na muda wake kwenye pambizo, iweke kati ya karatasi mbili safi bila kuikunja, na uitumie kwa bodi zote za mchoro huo.